Kamera ya Kutega: Kuthibitisha Bila Kupeleleza



Katika muda wa majuma mawili, baina ya mwisho wa kaskazi na manyunyu ya kwanza ya masika, tulipoteza vifaranga tisa na matembe wawili. Kwa nyumba nyingine huenda hilo lingekuwa jambo dogo. Kwetu sisi, tunaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa Gede, kuku ndio akiba ya bibi yetu. Mayai yao hununua sukari na sabuni, na jogoo mmoja akiuzwa, mjukuu mmoja hupata daftari za muhula mzima. Kila asubuhi bibi alipofungua banda na kuhesabu, hesabu ilikuwa imepungua.

Kwa kuwa hesabu ilifanywa asubuhi, sote tuliamini kwamba mwizi huja usiku. Na kwa kuwa usiku mmoja kanu alionekana juu ya ukuta wa ghala la mahindi, madoadoa yake yaking'aa na mkia wake wenye pete ukining'inia, hukumu ilipita papo hapo: mwizi ni kanu. Kijana mmoja wa mtaani akajitolea kutuletea nyama iliyotiwa sumu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya kuku mmoja. Ami yetu alikubali. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Nani miongoni mwenu amemwona akikamata?"

Hakuna aliyemwona. Ndipo tulipoazima kamera ya kutega kutoka kwa jamaa yetu mmoja, tukamwomba ami asubiri majuma matatu. Makala haya ni habari ya majuma hayo matatu: namna tulivyoshindwa, namna tulivyojirekebisha, na kosa moja tulilolitenda ambalo halikuhusu wanyama hata kidogo. Tunayaandika kwa ajili ya familia nyingine zinazoishi karibu na misitu yetu, na kwa ajili ya akina mama, ambao mara nyingi ndio wafugaji wa kuku na ndio wa kwanza kupata hasara.

Chombo chenyewe na tabia yake

Kamera ya kutega ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye mti au mti wa ua, kikaachwa peke yake mchana na usiku. Ndani yake mna kihisi, betri, kadi ya kumbukumbu na taa. Mnyama akipita mbele yake, kamera huamka, hupiga picha, kisha hulala tena.

Jambo la kwanza la kulielewa, na ambalo sisi hatukulielewa mwanzoni, ni kwamba kihisi hakitazami sura ya kitu. Kinachohisi ni joto linalosogea: tofauti baina ya joto la mwili unaopita na joto la ardhi na majani yaliyo nyuma yake. Mnyama akisimama tuli, kihisi huenda kisijue kama yupo. Jani la mgomba lililopigwa na jua likapata joto, kisha likayumbishwa na upepo, huweza kukidanganya kihisi kikadhani kiumbe kimepita. Na katika mchana wa kaskazi, ardhi inapokuwa na joto linalokaribia lile la mwili wa mnyama, mnyama mzima huweza kupita mbele ya kamera na kamera isiamke. Mwenye kuyajua mambo haya matatu ameshajua nusu ya kazi.

Hamu ya kumpiga picha mnyama bila yeye kujua si ya leo. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu chenye picha za wanyama alizopiga usiku katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, akitumia mwako wa unga wa magnesiamu, na mara nyingine akifunga mnyama hai awe chambo cha kuwavuta simba. Siku hizi hatuna haja ya mwako ule, wala ya chambo kile.

Yaliyofichuliwa katika pwani yetu

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, kuna nini zaidi cha kuona katika vichaka tulivyovizoea tangu utotoni? Jibu ni kwamba kamera hizi zimewafundisha hata wataalamu mambo wasiyoyajua kuhusu pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, kamera ya kutega ilipiga picha ya sengi ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama. Sengi ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu iliyochongoka, anayefukua majani makavu akitafuta wadudu. Yule wa Udzungwa, mwenye uso wa kijivu, alitangazwa rasmi mwaka 2008 kuwa ni spishi mpya. Mwaka 2010 wataalamu wa Zoological Society of London pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya walitangaza kwamba kamera zao zimempiga picha sengi mwingine ambaye hawakumtambua, huku kwetu, katika misitu ya Boni na Dodori. Kamera zilizotegwa katika misitu hiyo zilionyesha pia kwamba mna paa nunga wengi, ilhali paa huyo alidhaniwa kuwa amebaki kwa uchache tu katika Arabuko-Sokoke na kisiwani Unguja. Wenyeji wa Boni bila shaka walikuwa wakiwaona siku zote, ila neno lao halikuwa na picha ya kulisimamia.

Nasi tulio jirani na Arabuko-Sokoke tuna sengi wetu, yule mwenye matako ya rangi ya dhahabu, aliye hatarini kutoweka. Msitu wetu, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ndio ngome yake kuu, na wageni wanaotembelea magofu ya Gede hubahatika kumwona akikimbia baina ya kuta za kale.

Mfano wa Unguja una somo chungu zaidi. Huko kulikuwa na imani kwamba chui wanafugwa na wachawi na hutumwa kudhuru watu. Katika miaka ya 1960, baada ya mapinduzi, kulifanyika kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja. Mwaka 2003 watafiti walipotega kamera kisiwani humo, chui hakuonekana katika picha zao. Hatusemi kwamba chui hakula mbuzi wa mtu. Tunasema kwamba alihukumiwa kwa dhana, na hukumu ya dhana ni vigumu kuirudisha nyuma.

Makosa ya juma la kwanza

Turudi nyumbani kwetu. Juma la kwanza kamera ilituletea picha zaidi ya 1,800. Watoto walishangilia walipoiona idadi, wakanuna walipoyaona yaliyomo. Karibu zote zilikuwa za majani ya mgomba. Chache zilikuwa na ncha ya mkia, au weupe mtupu kama karatasi. Tulipokaa kuzichunguza, tuliona kwamba kila picha mbaya ina sababu yake.

Tuliielekeza kamera mashariki. Kila asubuhi jua lilichomoza ndani ya lenzi na kuipofusha. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, kamera ielekezwe kaskazini au kusini ili jua lisiikabili, si linapochomoza wala linapotua.

Tuliacha majani mbele yake. Kabla ya kuondoka, fyeka nyasi na matawi yaliyo katika eneo la mbele, hasa majani mapana. Wakati wa kusi jambo hili halina mjadala, kwani upepo hautulii. Fyeka kwa kiasi tu. Mahali palipogeuzwa uwanja mweupe mnyama hupaepuka.

Tuliifunga juu mno. Tuliiweka kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, nayo ikatazama juu ya migongo ya viumbe tuliowatafuta. Kwa wanyama wadogo kama kanu, nguchiro na sengi, kimo cha goti au chini yake kinatosha, umbali wa mita tatu hadi nne kutoka mahali wanapopita. Wakija karibu sana usiku, taa huwafanya wawe weupe mtupu.

Tuliikabilisha na njia moja kwa moja. Kihisi huhisi vizuri zaidi mnyama anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia usoni. Lakini akikatiza mbio katika njia nyembamba, kamera nyingine huchelewa kuamka na kuambulia mkia. Dawa yake ni kuipa kamera mshazari: isitazame njia kwa upande kabisa, wala isiitazame kwa urefu, bali katikati ya hali hizo mbili. Hapo mnyama hubaki ndani ya picha kwa muda mrefu zaidi.

Tulichanganya betri. Tulitia mbili mpya na mbili zilizotolewa kwenye tochi. Usiku wa tatu taa ilififia. Betri ziwe za aina moja na umri mmoja. Zile za lithiamu zina bei, lakini hudumu zaidi na hustahimili joto. Za kuchaji nazo zafaa, mradi kamera yako ziiwezeshe na zote zijazwe pamoja.

Tuliiendea kila siku. Watoto hawakuweza kusubiri. Kila tulipokwenda tuliacha harufu zetu, tukakanyaga nyayo, tukawatia hofu tuliowangoja. Iache kamera walau siku kumi. Uwe na kadi mbili: unatoa moja, unatia nyingine, unaondoka. Kadi ifutwe ndani ya kamera yenyewe kabla ya kutumiwa tena, baada ya kuhakikisha picha zake zimehifadhiwa.

Hewa yetu ya bahari nayo haina huruma. Unyevu na chumvi huingia ndani ya kisanduku, na sisimizi hupapenda mno. Vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya visitupwe. Kimoja kikiwekwa ndani ya kamera husaidia. Mpira wa kuzibia mlango ufutwe vumbi kila unapofunguliwa, na lenzi ipanguswe kwa kitambaa laini kikavu.

Hatimaye kuna jaribio ambalo watoto wetu walilipenda kuliko yote. Baada ya kuitega kamera, mtoto mmoja hutambaa mbele yake kwa mikono na magoti, polepole, kama paka anayewinda. Kisha picha hutazamwa. Ikiwa mtoto ameonekana mzima, kichwa hadi miguu, na mnyama ataonekana. Ikiwa kimeonekana kisogo tu, kamera huinamishwa au kusogezwa. Dakika tano za kutambaa zingetuokolea juma zima.

Picha tuliyoifuta

Sasa tufike kwenye kosa ambalo tungependa kulificha, lakini tumeona faida ya kulitaja ni kubwa kuliko haya ya kulikiri.

Katika picha za juma lile la kwanza mlikuwa na picha tatu za mke wa jirani yetu. Alikuwa akienda kisimani kabla ya alfajiri, amejifunga kanga moja, kichwa wazi, kama mwanamke yeyote anayejua kwamba saa zile njia ni yake peke yake na Mola wake. Kamera yetu, ikiwa imefungwa kwenye kimo cha kifua na taa yake isiyoonekana kwa macho, ilimpiga picha bila yeye kujua. Na aliyekuwa akizifungua picha kwenye simu, mbele ya wenzake, alikuwa kijana wetu wa miaka kumi na sita.

Mama alimpokonya simu. Picha zilifutwa palepale, kwenye simu na kwenye kadi. Lakini kufuta hakukuwa mwisho wa jambo, kwa maana aliyekosewa alikuwa hajui kwamba amekosewa. Jioni ile mama na bibi walikwenda kwa jirani, wakamweleza yote, wakamtaka radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Bibi, njia hii naipita tangu nilipoolewa. Si mimi wa kuhama. Ni hiyo kamera yenu."

Alisema kweli, na hatukuwa na la kujibu isipokuwa kuihamisha usiku uleule.

Tulipokaa kulitafakari jambo hili, tuliona ajabu moja. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6 inatutaka tuthibitishe habari inapoletwa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Katika sura hiyohiyo, aya ya 12 inatukataza dhana nyingi na inatukataza kupelelezana. Tulikuwa tumeitekeleza amri ya kwanza kwa kuivunja ya pili. Tulikataa kumdhania kanu, tukamchungulia jirani. Kamera ya kutega husimama baina ya aya hizo mbili, na mwenye kuitega ndiye anayeamua itaelemea wapi.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni, nasi tunazipendekeza kwa kila familia.

Kwanza, waambie majirani kabla ya kutega, hasa wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaopita njia za kisima na za kuni saa ambazo wanaume hawazijui. Waulize wanapita wapi na saa ngapi. Hapa adabu na mafanikio hukutana: waliotueleza wanapopita wao, walitueleza pia wanapopita wanyama.

Pili, kamera isitegwe kwenye njia ya watu, wala isielekee kisima, bafu, dirisha au ua wa nyumba ya mtu. Ifungwe chini, kwenye kimo cha goti, na isiinuliwe kutazama juu. Kamera iliyowekwa kwa ajili ya kanu, mtu akipita mita chache mbele yake, haina sababu ya kuona zaidi ya miguu yake.

Tatu, kadi ifunguliwe kwanza na mwanamke mtu mzima wa nyumba, peke yake. Picha yoyote ya mtu ifutwe bila kuonyeshwa wala kusimuliwa. Kisha ndipo watoto waitwe.

Nne, picha ya mtu isitumwe kwenye kundi lolote la simu, hata iwe ya mzaha. Tukumbuke pia kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayolinda taarifa binafsi za mtu, na picha inayomtambulisha ni miongoni mwa taarifa hizo. Lakini sitara ya Muislamu ilikuwa wajibu wetu kabla ya sheria hiyo.

Tano, kamera isitegwe ndani ya msitu wa hifadhi bila idhini ya wanaousimamia. Shamba lako na ukingo wa ua wako vinakutosha.

Kivuli cha adhuhuri

Juma la pili tuliitega upya, nyuma ya banda, mahali ambapo bibi alikuwa ameona manyoya chini ya ua wa makuti. Tulifuata yote tuliyojifunza. Tulipoitoa kadi baada ya siku kumi, picha hazikufika mia, na karibu kila moja ilikuwa na kiumbe ndani yake.

Kanu alikuwamo, usiku baada ya usiku. Picha zilimwonyesha akipita kando ya ghala, na katika tatu kati yake alikuwa na panya mdomoni. Hata mara moja hakuonekana akikaribia mlango wa banda. Ami alizitazama picha hizo kwa muda mrefu bila kusema neno. Panya wale ndio waliokuwa wakitutobolea magunia ya mahindi.

Kisha ikaja picha ya rangi: nguchiro, mwembamba, mkia umenyooka, akitoka chini ya ua na kifaranga kinywani. Ilikuwa imeandikwa saa 07:10. Tukasema: basi mwizi huja saa moja na dakika kumi asubuhi. Bibi akakataa. Saa moja asubuhi, alisema, yeye mwenyewe huwa uani akiwamwagia kuku chenga za mahindi. Haiwezekani nguchiro apite miguuni pake.

Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake kama afanyavyo anaposoma, akaitazama tena. "Kitazameni kivuli cha huyo mnyama," alisema. "Kiko chini ya tumbo lake. Jua la saa moja asubuhi hutupa kivuli kirefu kama mnazi. Hiki ni kivuli cha adhuhuri."

Hapo mtoto aliyeitega saa ya kamera akainamisha kichwa. Aliitega asubuhi saa tatu, naye akaandika 03:00, kwa hesabu yetu ya Kiswahili tuliyomfundisha sisi wenyewe. Kamera huhesabu kutoka usiku wa manane, kwa hiyo alipaswa kuandika 09:00. Picha zote zilikuwa nyuma kwa saa sita. Ile 07:10 ilikuwa kweli saa saba na dakika kumi mchana, yaani 13:10. Wakati huo wanaume wako msikitini, wanawake wako ndani wakiswali, na uani hakuna mtu. Nguchiro alikuwa ameijua ratiba ya nyumba yetu kuliko sisi tulivyoijua yake.

Tunaomba kila msomaji azingatie jambo hili dogo: saa ya kamera itegwe na mtu mzima, na irudiwe kutazamwa na mtu wa pili. Picha yenye saa ya uongo ni shahidi wa uongo. Na mwanzo wa kila zamu, andika katika daftari tarehe, mahali, kimo na uelekeo wa kamera, ili baadaye usitegemee kumbukumbu.

Kabla ya kusema "tumeona"

Picha njema nayo yahitaji kusomwa kwa uadilifu. Picha thelathini za kanu si kanu thelathini. Huenda ni yule mmoja anayerudi kila usiku. Kutoonekana kwa mnyama si ushahidi kwamba hayupo. Huenda alipita nyuma ya kamera, au joto la mchana lilikifumba kihisi. Hatuwezi kuapa kwamba kanu yule hajawahi kumgusa kuku wa mtu, kwa maana wenzake hujulikana kufanya hivyo pale banda linapoachwa wazi. Tunaloweza kulishuhudia ni kwamba kwa siku zile kumi, mahali pale, alikula panya, na aliyechukua kifaranga alikuwa mwingine.

Vilevile tunawaonya wanaotamani picha nyingi kwa haraka: msimwage nyama au mabaki ya samaki mbele ya kamera. Chambo huwazoesha wanyama kuja nyumbani, huwagombanisha, na huwakusanya fisi na mbwa koko mahali watoto wanapochezea. Mnyama apigwe picha akiwa katika safari yake mwenyewe.

Na ile nyama ya sumu? Haikuwekwa. Kumwua mnyamapori kwa sumu ni kosa katika sheria za nchi, lakini kwetu ilitosha kufikiri ingelimwua nani. Sumu haichagui. Ingelimwua kanu aliyekuwa akilinda ghala letu, na paka wetu, na tai au kunguru atakayemla kanu, na Mungu apishe mbali, mtoto aliyeokota mfupa. Nguchiro, aliyekuwa akija mchana kutafuta kilicho hai, pengine asingeigusa. Sote tumefundishwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Hatukuwa tumezifikiria tulipokuwa tukijadili bei ya sumu.

Tiba ilikuwa nyepesi. Ami alichimba chini ya ua wa banda, akazika wavu wa matundu madogo kiasi cha shibiri moja ndani ya ardhi. Bibi akaanza kuwafunika vifaranga kwa tenga kabla ya adhana ya adhuhuri, na kuwafunua baada ya swala. Tulipoteza vifaranga wawili zaidi kabla wavu haujakamilika. Tangu ukamilike, hatujapoteza hata mmoja, alhamdulillahi. Nguchiro bado hupita. Tunamwona kwenye kamera akinusa wavu, kisha akaenda zake vichakani kutafuta panzi na mijusi.

Si lazima kila nyumba inunue kamera. Akina mama wa chama kimoja wanaweza kuchangia moja, ikazunguka kwa zamu, kila nyumba majuma mawili, pamoja na daftari lake na kanuni zake zimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Watoto watajifunza subira, na kujua majina ya viumbe wanaolala nao jirani. Huenda siku moja, katika ukingo wa shamba la mmoja wetu, akapita sengi mwenye dhahabu mgongoni, naye akaondoka bila kujua kwamba ametufurahisha.

Jirani yetu bado anaipita njia ile kabla ya alfajiri. Juzi alikuja kumwuliza bibi kama kamera itakuwa na nafasi mwezi ujao, kwa kuwa kuna kitu kinachomchimbia mihogo yake. Tumempelekea, pamoja na kadi zote mbili. Ataitega mwenyewe, na atakuwa wa kwanza kuzifungua picha.

Wallahu a'lam. Twamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atujaalie kuwa waadilifu kwa majirani zetu wote, wenye ndimi na wasio na ndimi. Amin.